Kabla ya Kumtuhumu Dereva, Lipimeni Gari



Miongoni mwa mashauri yanayofikishwa mbele ya kamati za misikiti yetu yapo ya mirathi, ya talaka, ya mipaka ya viwanja na ya madeni. Siku hizi limeongezeka jingine, nalo ni shauri la mafuta ya gari. Mwenye gari hulalamika kuwa gari lake, ambalo mwaka jana lilitosheka na kiasi fulani cha petroli kwa wiki, sasa halishibi. Sababu haijui, na asiyejua sababu hutafuta mtu wa kumlaumu. Wa kwanza kumwangukia ni dereva aliyeajiriwa. Wa pili ni kijana wa nyumbani aliyejifunza kuendesha juzi. Wa tatu ni mke anayelitumia gari kwenda sokoni na kliniki. Maneno mazito hutamkwa, mishahara huzuiwa, na ndugu huacha kusalimiana.

Makala ya leo tumeikusudia familia zenye magari, hususan yale ya injini zenye nguvu ambayo sasa yamekuwa magari ya nyumbani. Tunataka kueleza kwa utaratibu namna ya kutafuta chanzo gari linapoanza kula mafuta kuliko desturi yake. Msingi wetu ni mmoja: kupungua ni badiliko, na anayetafuta sababu ya badiliko aulize kwanza ni kitu gani kilichobadilika.

Tuanze na gari lenyewe. Hapa Ikungi, kandokando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida, si jambo la ajabu kusikia mngurumo wa Subaru kabla ya kuliona gari lenyewe. Watu wa Afrika Mashariki waliyazoea magari hayo kupitia mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari akiendesha Subaru Impreza, na mwaka huohuo kampuni hiyo ilileta sokoni gari la Forester, pana kiasi cha kubeba watoto na magunia, lakini katika matoleo yake yenye tabo likiwa na injini ya ukoo uleule wa Impreza. Miaka mingi baadaye magari hayo yaliyotumika Japani yamefika kwetu kwa wingi. Baba hununua gari la familia, na pamoja nalo hupata injini ya mashindano.

Injini ya namna hiyo ina desturi zake. Moshi unaotoka katika injini huzungusha feni ndogo, na feni hiyo huzungusha nyingine inayosukuma hewa kwa nguvu kuingia ndani. Hewa ikizidi, petroli nayo huongezwa ili uwiano usiharibike. Kwa petroli safi uwiano unaotakiwa ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta, na kompyuta ya gari hutegemea sensa kadhaa kuulinda. Sensa moja ikitoa habari isiyo sahihi, au hewa iliyokwisha kupimwa ikivuja njiani, kompyuta humimina mafuta kwa hesabu ya uongo. Gari huendelea kutembea na dereva asihisi chochote, ila mfuko ndio unaohisi.

Sasa tulete mfano, ambao wahusika wenyewe wameturuhusu kuueleza bila kuwataja. Mzee mmoja anayefanya biashara ya alizeti alikuwa na Forester yenye tabo, akamwajiri kijana kuiendesha. Kazi ilikuwa kupeleka watoto shule, kumpeleka mama wa nyumba hospitali Singida siku zake za matibabu, na shughuli ndogondogo. Kwa wiki gari lilitembea karibu kilometa 250 na kutumia lita 25, yaani kilometa 10 kwa lita moja. Kisha katika miezi ya baridi matumizi yakapanda hadi lita 36 kwa safari zilezile. Mzee akaona lita 11 zinapotea kila wiki, na katika hesabu yake kulikuwa na mahali pamoja tu pa kupotelea. Akauzuia mshahara wa kijana kwa miezi miwili. Kijana akaapa kwamba hakuchukua hata kikombe. Wazazi wa pande zote mbili, ambao ni majirani na husali katika safu moja, wakalileta shauri kwa kamati.

Wazee wa kamati hawakumtaka kijana aape tena, wala hawakumtaka mzee alete mashahidi wa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Walisema gari lipimwe. Likajazwa mafuta asubuhi hadi bomba lilipojikata lenyewe, katika sheli moja na pampu moja, na namba za mita ya kilometa zikaandikwa. Mzee mwenyewe akashika usukani, akiwa na mtu wa kamati pembeni, na kijana akabaki nyumbani. Walikwenda Manyoni na kurudi kwa mwendo wa kawaida, wakajaza tena katika pampu ileile. Mita ilionyesha kilometa 168 na pampu ikaonyesha lita 24. Gawanya, utapata kilometa 7 kwa lita moja.

Kwa hesabu hiyo tuhuma ilianguka. Gari lilikula vilevile kijana akiwamo na asipokuwamo. Mwizi, kama tutamwita hivyo, alikuwa ndani ya injini.

Ndugu wasomaji, hatua hii ya kwanza ya kupima ndiyo inayorukwa na wengi, nayo haigharimu kitu. Ina masharti machache. Hesabuni lita, wala msihesabu shilingi, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na bei ikipanda, fedha ya wiki hupanda hata kama gari halijabadilika. Msitegemee mshale wa tangi, maana haukuwekwa kwa ajili ya hesabu. Jazeni tangi, tembeeni, jazeni tena katika pampu ileile, kisha gawanyeni kilometa kwa lita. Rudieni mara mbili au tatu kabla ya kuamini.

Tena pimeni kwa safari ya kwenda na kurudi. Sisi tunaishi juu ya uwanda. Atokaye Ikungi kwenda Dodoma hushuka mteremko wa Saranda baada ya Manyoni, na anaporudi huupanda. Akipima kwenda peke yake atalisifu gari, na akipima kurudi peke yake atalilaani. Upepo wa Singida nao hausahauliki. Katika miezi ya kiangazi huvuma kwa nguvu kutoka mashariki na kusini-mashariki, na gari linaloupasua uso kwa uso hutumia mafuta zaidi kuliko linaposukumwa nao mgongoni. Safari ya kwenda na kurudi hupunguza udanganyifu wa mlima na wa upepo.

Hatua ya pili ni kuuliza kilichobadilika nje ya injini. Je, mwendo umeongezeka? Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari linalokwenda kilometa 120 kwa saa husukumana na hewa kwa nguvu mara mbili na robo kuliko linalokwenda 80. Je, imefungwa keria juu ya paa na kuachwa hapo hata isipobeba kitu? Je, magunia au matenga ya kuku yameanza kusafirishwa kila siku? Je, gari husubiri nje ya hospitali likinguruma na kiyoyozi kikiwa kimewashwa? Injini ya namna hii inaweza kumaliza takriban lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua.

Liko badiliko jingine ambalo hudanganya hata mafundi, nalo ni matairi. Wengi huondoa matairi ya asili na kuweka makubwa zaidi ili gari lipande juu kidogo kwa ajili ya barabara za vijijini. Chukueni tairi la 215/60 la rimu 16, ambalo kipenyo chake ni takriban milimita 664. Likibadilishwa kwa 215/65 la rimu hiyohiyo, kipenyo huwa karibu milimita 686. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, basi mita ya kilometa huhesabu pungufu: mmetembea kilometa 300, yenyewe inasema karibu 290. Sehemu ya upungufu mnaoulalamikia huenda ipo kwenye mita tu.

Hatua ya tatu ni ukaguzi wa nyumbani, ambao mwenye gari aweza kuufanya kwa macho, mikono na pua. Pimeni upepo wa matairi asubuhi kabla ya gari kutembea, mkifuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Fungueni boksi la eya klina mwone kama chujio limejaa vumbi. Kwa barabara zetu hujaa mapema. Mkitoka safari, pitisheni kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine, breki yake imekamata na gari linakokotwa mchana kutwa. Nuseni kama kuna harufu ya petroli chini ya gari au karibu na tangi, na kwa hali yoyote msiwashe kiberiti hapo. Tazameni rangi ya moshi: moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua.

Kisha tazameni mshale wa joto kwenye dashibodi. Watu wengi huutazama kwa hofu ya kupanda tu, nao ukiwa chini hufurahi. Katika gari la yule mzee mshale ulikuwa chini sana, hata baada ya nusu saa ya safari. Fundi aliyeitwa hakugusa spana. Aliuliza swali moja: kabla ya mafuta kuanza kupotea, gari hili lilitengenezwa nini? Mzee akakumbuka kwamba miezi mitatu nyuma injini ilichemka njiani, na fundi wa barabarani akaitibu kwa kutoa themostati na kuitupa.

Hapa inafaa tueleze, maana jambo hili limeenea mno. Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Katika injini hizi hufunguka joto likikaribia nyuzi 80. Ikitolewa, maji huzunguka kwenye rejeta tangu mwanzo wa safari, na kwa baridi na upepo wa uwanda wetu injini hukaa baridi njia nzima. Sensa ya joto huiarifu kompyuta kwamba injini bado haijapata moto, na kompyuta huongeza petroli kama inavyofanya alfajiri gari linapowashwa. Hali iliyokusudiwa kudumu kwa dakika chache hudumu kwa safari nzima. Mafuta ya ziada husafisha oili kwenye kuta za silinda, na injini huchakaa kabla ya wakati wake. Ubaya zaidi, sababu ya kuchemka haikuondolewa, ilifichwa tu; rejeta ya gari lile ilikuwa imeziba kwa tope na kutu.

Rejeta ikasafishwa, themostati mpya ikawekwa, na safari ileile ya Manyoni ikarudiwa: lita 19. Afadhali, lakini haijafika. Ndipo ikaonekana kwamba gurudumu moja la nyuma lina joto kali. Breki yake haikuwa ikiachia sawasawa. Ikatengenezwa, safari ikarudiwa tena: lita 17, yaani kilometa zipatazo 10 kwa lita moja kama zamani. Mtaona kwamba fundi alitengeneza kitu kimoja, akapima, kisha akatengeneza cha pili. Angevibadilisha vyote kwa siku moja pamoja na plagi, nozeli na sensa mbili, gari lingepona vilevile, ila mzee angelipia vifaa visivyokuwa na kosa, na pasingekuwa na mtu aliyejua ugonjwa ulikuwa nini.

Ikiwa ukaguzi wa nyumbani haukutoa jibu, hatua ya nne ni kompyuta ya fundi. Jueni kwamba Subaru nyingi za miaka ya 1990 zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia lugha yao wenyewe, na mashine za kawaida za kupimia huenda zisizungumze nazo. Muulizeni fundi kabla hamjalipa. Jueni pia kwamba kompyuta hutaja dalili, haitoi hukumu. Ikisema sensa ya oksijeni inaona mafuta mengi, huenda sensa ni nzima na inasema kweli: mafuta ni mengi kwa sababu nyingine. Anayebadilisha sensa hapo ni kama aliyemfukuza mjumbe kwa kuleta habari mbaya. Hata hivyo sensa hiyo huzeeka, na gari lenye kilometa nyingi linastahili kupimwa kama bado inajibu upesi.

Kwa gari lenye tabo, muombeni fundi akague mipira ya hewa kuanzia tabo hadi injini. Sensa ya hewa hukaa mwanzoni mwa njia, karibu na chujio. Mpira ukipasuka mbele ya tabo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa hutoroka, kompyuta huipa injini mafuta ya hewa ambayo haikufika, moshi huwa mweusi na nguvu hupungua mnapopanda mlima kama Sekenke. Ufa huo mara nyingi hauonekani gari likiwa limetulia. Unaweza kusikika kama mluzi au mfoko wa upepo mnapokanyaga mafuta.

Petroli yenyewe isisahaulike. Injini hizi za Japani ziliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu la nchi ile. Wakiipewa ya daraja la chini, au iliyochanganywa na mafuta ya taa, injini hutaka kugonga, na kompyuta huchelewesha cheche ili kuilinda. Ulinzi huo hulipiwa kwa mafuta zaidi. Serikali yetu ililiona tatizo la uchakachuaji, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya iondoke. Lakini kumbukeni msingi wetu. Kama mmenunua petroli ya namna moja tangu siku gari lilipokuja, daraja lake haliwezi kuwa sababu ya badiliko la mwezi uliopita. Kama mmehamia sheli nyingine karibuni, hapo pana swali, na mnaoshuku kipimo cha pampu mnaweza kufikisha malalamiko kwa Wakala wa Vipimo.

Tumalizie na lile lililotufanya tuandike. Hatusemi kwamba hakuna madereva wanaoiba mafuta. Wapo, na gari ni amana mikononi mwao. Kipimo kilekile kilichomwokoa yule kijana kingemfichua kama angekuwa na hatia: gari lingekula lita 17 mikononi mwa mzee na 24 mikononi mwake, na hapo angeulizwa kwa haki. Ndiyo sababu tunapendekeza kila familia iwe na daftari dogo ndani ya gari. Kila mnapojaza, andikeni tarehe, kilometa, lita, na matengenezo yoyote yaliyofanyika, hata yale madogo ya barabarani. Kitu kilichotolewa na fundi kiandikwe kama kile kilichowekwa. Daftari hilo humlinda mwenye gari asiibiwe, na humlinda dereva asidhulumiwe.

Katika shauri lile, mzee aliulipa mshahara wa miezi miwili kabla ya kumlipa fundi, na alimwomba kijana radhi mbele ya watu walewale waliosikia tuhuma. Kijana alirudi kazini, na sharti lake lilikuwa moja tu: daftari liwepo, na kila wiki walisome pamoja.

Wabillahi tawfiq.